Kaamka mkono umening'inia, kiganja hakinyanyuki. Wajuzi wa mikono pitieni hapa

Mkorosho_Mkavu (mleta uzi)
Wakuu habari za usiku. Niko Mtwara mjini. Mdogo wangu ni kijana wa bodaboda, hana kisukari, hana presha, hana historia ya ugonjwa wowote. Jumamosi walikwenda na wenzake kijijini, na msimu wa mabibo mnaujua, uraka, ile pombe ya mabibo, hauhitaji kutafutwa. Kanywa, kalala kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia kaupitisha nyuma ya egemeo. Asubuhi anaamka kiganja kimeanguka chini. Ukimwambia anyanyue, kinabaki pale pale. Maumivu hana. Mama anasema kachezewa, baba mdogo anasema kiharusi. Nisaidieni, sijui nianzie wapi.

Chuma_cha_Masasi
Hicho ni kiharusi mkuu, siku hizi hakichagui umri. Wahini hospitali.

Nahodha_Msimbati
Huku kwetu tunasema kapitiwa na upepo. Achuliwe na mafuta ya nazi ya moto, siku tatu anainuka.

Bi_Mkubwa_Lindi
Nahodha acha hizo. Na kama mkono hauna hisia, umchue na mafuta ya moto? Utamuunguza na hatasikia.

Fizio_wa_Kusini
Bi Mkubwa kasema la maana kuliko sote. Mleta uzi, nijibu kwanza haya. Mdomo umekaa sawa? Anaongea bila kukwama? Mguu wa kulia una nguvu? Kiwiko anaweza kukinyoosha dhidi ya mkono wako unaokisukuma? Na mguse kwa ncha ya pamba mgongoni mwa kiganja, pale kwenye nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Anahisi sawa na mkono wa pili?

Mkorosho_Mkavu
Mdomo sawa, maneno anayatoa na kelele juu. Mguu uko fiti. Kiwiko ananyoosha, tena kanisukuma. Hapo kwenye dole gumba ndipo anasema pana ganzi. Pamba haisikii.

Fizio_wa_Kusini
Basi kwa maelezo haya kiharusi naanza kukiweka kando, ingawa lazima aonwe na daktari. Hii inaonekana ni neva ya radiali, mshipa wa fahamu wa nyuma ya mkono, iliyobanwa kwenye egemeo la kiti. Nitaeleza kirefu kidogo kwa sababu watu wengi wa huku wanapoteza miezi kwa waganga kwa jambo ambalo ramani yake inajulikana.

Neva hii inatoka kwapani, inakwenda nyuma ya mfupa wa mkono wa juu na kuuzunguka ikiwa imelala juu ya mfupa wenyewe, halafu inatokea mbele ya kiwiko upande wa nje. Pale inapolalia mfupa haina nyama nene ya kuikinga. Mtu mzima wa kawaida akibanwa hapo, ganzi inamwamsha anageuka. Aliyelewa haamki. Anakaa saa nne, tano, uzito wote uko juu ya neva.

Nimeuliza kiwiko kwa sababu matawi mengi ya msuli unaokinyoosha hutoka juu, kabla neva haijafika sehemu hiyo. Kwa hiyo ikibanwa katikati ya mkono wa juu, kiwiko kinaendelea kunyooka, na vya chini yake vinazimika: kunyanyua kifundo cha mkono, kunyoosha vidole, kunyanyua dole gumba. Ingebanwa kwapani, kama inavyowatokea wanaotembelea magongo marefu kupita kimo chao, hata kiwiko kingelegea. Na ingeumia chini zaidi, kwenye tawi lake la ndani baada ya kiwiko, vidole vingeanguka lakini ganzi isingekuwepo, na kifundo kingeweza kunyanyuka kikielekea upande wa dole gumba.

Nyuma ya kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) kuna misuli 12 na yote inakula kwa neva hii moja. Mbele ya kigasha kazi imegawanywa kwa neva mbili. Ndiyo maana jeraha moja nyuma linaangusha kiganja kizima.

Sasa jaribuni wenyewe mnaosoma. Kunja kifundo cha mkono chini mpaka mwisho, halafu fumba ngumi kwa nguvu. Haifumbi, sivyo? Kano za kunyanyua zimevutwa zikaisha, na za kukunja zimelegea. Mgonjwa wa mleta uzi atalalamika kwamba hawezi kushika hata kikombe, na ndugu watadhani mkono wote umekufa. Misuli ya kushika ni mizima, inakosa tu kifundo kilichosimama. Mshikilie kifundo kikiwa kimeinuka kidogo uone anavyokubana vidole.

Kuna mtego mmoja. Ukimwambia anyooshe vidole, vile vifundo vya katikati na vya nchani vitanyooka, kwa sababu misuli midogo iliyo ndani ya kiganja inalishwa na neva nyingine. Familia inashangilia kwamba kapona. Wewe angalia vifundo vikubwa, vile vinavyotokeza ukifumba ngumi. Hivyo vikibaki chini, bado.

Mkorosho_Mkavu
Duh. Nimemshikilia kifundo, kanibana kweli kweli. Sasa tiba ni nini, sindano?

Fizio_wa_Kusini
Hakuna sindano ya kuamsha neva, na atakayekuuzia hiyo anakuuzia maji. Kesho mpeleke hospitali ya Ligula, aonwe na daktari halafu aulizie kitengo cha fiziotherapia. Atapewa banzi la kushikilia kifundo kikiwa kimeinuka, ili aendelee kutumia vidole na viungo visikakamae. Mara kadhaa kwa siku aunyooshe mkono huo kwa kutumia ule mzima, kila kifundo. Ile sehemu yenye ganzi aikinge na moto na vyombo vya moto. Na pikipiki aiache, breki ya mbele iko mkono huo huo.

Neva iliyobanwa tu bila kukatika hurudi yenyewe, wengi ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu au minne. Ikiwa nyuzi za ndani zimeharibika, zinaota upya kwa takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo piga hesabu ya umbali kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka kigashani. Kifundo huanza kuinuka kabla ya vidole, na dole gumba hujiburuza nyuma. Miezi mitatu ikipita bila dalili hata moja ya kurudi, apewe rufaa ya kupimwa umeme wa neva. Hata ikishindikana kabisa kuna upasuaji wa kuhamisha kano kutoka misuli mizima ya mbele, ukanyanyua kiganja.

Mzee_wa_Tandahimba
Vijana, nawasoma. Lakini waunga mifupa wetu mnawadharau. Kijana wa jirani alianguka kwenye mwembe akavunjika mkono wa juu, kiganja kikaning'inia hivyo hivyo. Alifungwa vijiti na mzee mmoja huku, leo analima.

Fizio_wa_Kusini
Shikamoo mzee wangu. Siwadharau. Lakini hesabu yake iko hivi: waliovunjika mfupa wa mkono wa juu sehemu ya katikati, kama mmoja kati ya kumi neva hii inaumia pamoja na mfupa, na wengi wao inarudi yenyewe hata bila upasuaji. Kwa hiyo yule mzee alimfunga, na neva ikarudi kwa njia yake. Tatizo ni wale wachache ambao neva imenaswa kati ya vipande vya mfupa. Yeye hana jinsi ya kuwajua, na akivuta na kuchua kila asubuhi anaimalizia. Pia nimeona vijiti vilivyokazwa mpaka vidole vikawa vyeusi. Hapo tunazungumzia kukata mkono.

Mzee_wa_Tandahimba
Marahaba. Hilo la kukaza nalikubali, nimeliona pia.

Kipa_Mstaafu
Naomba nidandie uzi. Mimi nilikuwa nadakia timu ya mtaa, uwanja wa mchanga huku Lindi. Nilidaka mpira nikaangukia kiganja kilichofunguka. Zahanati moja wakaniambia ni mshtuko, wakanipa dawa ya maumivu. Picha walinipiga baadaye kwingine, ikaonekana safi. Mpaka leo, huu mwaka wa pili, nikibana lile bonde la nyuma ya dole gumba, pale wazee wanapoweka ugoro, panauma. Kufungua bomba siwezi.

Fizio_wa_Kusini
Kipa, hilo bonde ndilo sehemu ninayoipa heshima kuliko zote mkononi. Nyanyua dole gumba kama unataka kuomba lifti. Upande mmoja zinasimama kano mbili zilizobanana, upande wa pili inasimama kano moja ndefu. Katikati ndiyo bonde lako la ugoro. Ukigusa taratibu utasikia mapigo, maana mshipa wa damu wa radiali unakatiza humo. Na sakafuni umo mfupa mdogo unaoitwa skafoidi.

Skafoidi inavunjika hivyo hivyo ulivyosema, kuangukia kiganja kilichofunguka, na inapenda vijana. Ubaya wake ni mbili. Kwanza, picha ya siku ya kwanza mara nyingi haionyeshi ufa. Mgonjwa mwenye maumivu kwenye bonde hilo anatakiwa afungwe hogo (plasta ngumu) au banzi la dole gumba hata picha ikiwa safi, arudishwe baada ya siku 10 hadi 14 apigwe tena. Pili, damu yake inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigashani. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinakatiwa damu, hakiungi, au kinakufa kabisa. Baada ya miaka kifundo kizima kinalika.

Kwa hiyo usinunue tena dawa ya maumivu. Nenda hospitali kubwa, sema neno hili: nataka picha za skafoidi, siyo za kifundo tu. Zinapigwa kwa pembe tofauti. Ikionekana haijaunga, kuna upasuaji wa kupandikiza mfupa na kuweka skrubu.

Kipa_Mstaafu
Miaka miwili najipaka dawa ya misuli. Haya, naenda hospitali ya Sokoine wiki hii.

Binti_Newala
Jamani na sisi wabanguaji. Mimi natenganisha korosho na ganda kwa mashine ya mkono, wenzangu wanamenya ngozi kwa kisu kidogo kutwa nzima. Nina maumivu upande wa dole gumba, hapo hapo juu ya kifundo, yanapanda kigashani. Nina mtoto mchanga pia, kumnyanyua ni shida. Na mgongo wa kiganja umetoka mabaka meusi. Ni kitu kimoja?

Fizio_wa_Kusini
Dada Newala, ni vitu viwili.

Maumivu: kwenye kifundo kuna mkanda unaozishikilia kano za nyuma zisiinuke, na chini yake kuna vyumba sita. Chumba cha kwanza, upande wa dole gumba, kina zile kano mbili nilizomtajia Kipa. Zikisuguliwa kutwa nzima chumba kinakuwa kinene na kano zinapita kwa taabu. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza mwaka 1895 na ugonjwa una jina lake. Unawapata sana mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto dole gumba likiwa limepanuliwa. Wewe una kazi na mtoto pamoja. Jipime: funika dole gumba ndani ya ngumi, halafu pinda kifundo kuelekea kidole cha mwisho. Ukiruka kwa maumivu, huenda ndiyo. Ila usirudie rudie, na Kipa asijaribu kabisa.

Tiba ni kupumzisha dole gumba kwa banzi linalolishika lenyewe pamoja na kifundo, kumnyanyua mtoto kwa kuweka viganja chini ya makalio badala ya kumshika kwapani, na kama haitulii, sindano ya steroidi ndani ya chumba hicho, ichomwe na mtu anayejua. Wachache wanafunguliwa chumba kwa upasuaji mdogo.

Mabaka: hayo ni mafuta ya ganda. Yana tindikali inayochoma ngozi, na mgongo wa kiganja una ngozi nyembamba kuliko ndani. Mkorosho ni ukoo mmoja na mwembe, na wapo ambao hata utomvu wa embe unawavimbisha midomo. Vaa glovu, kama hakuna paka mafuta kabla ya kuanza, nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Binti_Newala
Glovu zinachanika ndani ya saa moja, na ukizivaa kasi inapungua. Tunalipwa kwa kilo.

Bi_Mkubwa_Lindi
Hapo ndipo ushauri wa hospitali unapoishia, mwanangu. Mwenye kiwanda anunue glovu ngumu.

Fizio_wa_Kusini
Sina la kuongeza kwa Bi Mkubwa.

Mpingo_Mweusi
Nachonga vinyago, natumia tezo. Kiwiko upande wa nje kinauma nikikamua nguo au nikinyanyua birika. Nimeambiwa gauti.

Fizio_wa_Kusini
Gauti haianzi hivyo. Nyooshe kiwiko, kiganja kiangalie chini, mtu akikandamize kidole cha kati wewe ukipandisha. Pakiuma pale pale kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, ni shina la misuli ya kunyanyua kifundo. Wazungu wanauita ugonjwa wa wacheza tenisi, ingawa mafundi wanaugua zaidi yao. Punguza kugonga kwa muda, panua mpini wa tezo kwa kuuzungushia kitambaa, fanya mazoezi ya kushusha uzito mdogo polepole. Wengi wanapona ndani ya mwaka hata bila sindano.

Chuma_cha_Masasi
Mimi nina uvimbe mgongoni mwa kifundo, saizi ya gololi, hauumi. Babu alisema upigwe na kitabu kizito upasuke.

Fizio_wa_Kusini
Usipige, utavunja kingine. Zima taa, weka tochi ya simu pembeni yake. Ukipitisha mwanga, ndani kuna ute wa kiungo, siyo saratani. Nusu hivi ya uvimbe huo huondoka wenyewe. Kuuvuta kwa sindano kunarudi mara nyingi. Ukianza kuuma au kuleta ganzi, ndipo uende. Usiopitisha mwanga nao uonyeshe daktari.

Nahodha_Msimbati
Haya nami. Kijana wangu alimpiga mwenzake ngumi ya meno ufukweni. Kachanika kidogo tu juu ya kifundo cha kidole cha kati. Nikamwekea majani ya tumbaku. Leo mgongo wa kiganja umefura.

Fizio_wa_Kusini
Nahodha, funga simu umpeleke usiku huu huu. Sitanii. Alipofumba ngumi, jino liliingia kupita ngozi, kano, mpaka ndani ya kiungo. Alipofungua vidole, kano ikateleza ikafunika tundu, na uchafu wa mdomoni umefungiwa ndani. Hospitali wafungue, waoshe, wasishone, wampe dawa ya kuua bakteria na sindano ya pepopunda. Kikikaa, kiungo kinaliwa.

Na wote mjue: mgongo wa kiganja unavimba haraka kwa sababu ngozi yake ni legevu na maji ya kiganja kizima huelekea huko. Mara nyingi usaha uko ndani ya kiganja lakini uvimbe unaonekana nyuma. Ukivimba nyuma na ndani panauma ukibonyeza, usipasue nyuma na wembe.

Nahodha_Msimbati
Tumeshapata bajaji. Nitarudi.

Mkorosho_Mkavu
Mrejesho wakuu. Tulienda, wakathibitisha ni neva, banzi kapewa. Sasa kifundo kimeanza kupanda kidogo, vidole bado. Mama ameacha habari za kuchezewa, lakini uraka ndio amepiga marufuku nyumbani kwa sauti kubwa. Swali moja: daktari alimkagua ngozi mwili mzima akitafuta mabaka. Alikuwa anatafuta nini?

Fizio_wa_Kusini
Ukoma. Bado tunauona Lindi na Mtwara, na unakula neva. Mara nyingi unaanza na neva ya upande wa kidole cha mwisho, vidole vinakunjika kama kucha za mwewe, na kuangusha kifundo ni nadra. Lakini daktari mzuri wa huku hauachi bila kuuangalia. Baka lisilo na hisia liwapeleke zahanati mapema. Dawa zake ni bure na zinachukua miezi 6 au 12 kulingana na aina.

Mzee_wa_Tandahimba
Mwanangu Fizio, sasa langu. Mjukuu alijikata na panga mgongoni mwa kiganja akisafisha shamba. Wakamshona, wakamwambia anyooshe vidole, vyote vikanyooka, wakamruhusu. Kidonda kimefunga vizuri. Lakini kidole cha kati kinachelewa wenzake, na ukikikandamiza hakina nguvu. Ni kovu tu?

Fizio_wa_Kusini
Mzee wangu, sidhani ni kovu. Kano za vidole mgongoni mwa kiganja zimeunganishwa kwa viutepe vya pembeni. Kano ya kidole cha kati ikikatwa kabla ya viutepe hivyo, upande wa kifundo cha mkono, jirani zake zinakivuta kupitia kwao, na kidole kinanyooka kwa msaada. Ukiwaambia "nyoosha vyote" hutaiona. Inabidi kila kidole kipimwe peke yake, wenzake wamekunjwa, na mpimaji akikandamize. Cha shahada na cha mwisho vina kano mbili mbili, kwa hiyo hivyo vinadanganya hata zaidi.

Mzee_wa_Tandahimba
Imechelewa?

Fizio_wa_Kusini
Hapana. Kano ya nyuma inaweza kuungwa hata baada ya wiki kadhaa, na ikiwa ncha zimevutana mbali, wanaifunga kwenye kano ya jirani. Lakini kila wiki inayopita kazi inakuwa ngumu zaidi. Mpeleke kwa daktari wa mifupa au upasuaji, hospitali ya Ndanda, Nyangao au Ligula, popote palipo karibu nawe. Beba kadi ya siku aliyoshonwa. Wakikuambia anyooshe vidole vyote, waombe kwa adabu wajaribu kimoja kimoja.

Mzee_wa_Tandahimba
Gari la alfajiri la Mtwara linapita saa kumi na moja. Nimeshamwambia mama yake amwandalie nguo.